Mkono Ushikao Bunduki Ujue Pia Kuziba Damu

Ajali itokeapo usiku katika Barabara ya Jinja, au pale Nateete, au Bwaise, mtu wa kwanza kumfikia majeruhi si daktari. Daktari yuko hospitalini Mulago, na Mulago ni mbali kwa mtu anayetoka damu. Wa kwanza huwa ni mwendesha bodaboda aliyeliona tukio, au mama auzaye ndizi kando ya njia. Wa pili huwa ni askari wa doria. Naye akishuka tu kwenye gari lake, watu wote humgeukia na kungoja amri yake, kwa kuwa amevaa sare ya serikali.

Basi tujiulize, ndugu askari, bila kufichana: afande huyo hufanya nini? Mara nyingi huwaamuru vijana wanne wamkamate majeruhi, wawili mikono na wawili miguu, wakamrusha nyuma ya pikapu kama gunia la mihogo, kisha dereva akakanyaga mafuta. Nia yao ni njema kabisa. Lakini mtu aliyevunjika shingo akiinuliwa namna hiyo aweza kupooza maisha yake yote. Aliyezimia, akilazwa chali juu ya bati la gari, aweza kukabwa na ulimi wake na damu yake mwenyewe kabla gari halijafika Wandegeya. Waliomchukua watasema amekufa kwa ajali. Huenda asingekufa, lau angaliinuliwa sawasawa na kulazwa sawasawa.

Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu. Hakuna astahiliye lawama kwa jambo ambalo hakufundishwa. Twasema kwa sababu mambo yenyewe ni makubwa: katika mwaka 2024 peke yake, Polisi ya Uganda ilihesabu watu zaidi ya 5,000 waliokufa katika ajali za barabarani nchini. Wengi wa watu kama hao, kabla ya kufa, hupita mikononi mwa askari au mwananchi wa kawaida. Kwa hiyo makala haya yana neno moja tu la kusema: kumhudumia majeruhi ni sehemu ya kazi ya askari, sawa na gwaride na kulenga shabaha, na kama vile gwaride na shabaha, ni kazi inayofundishika.

SIKU MOJA YA MASOMO

Mwaka 2008 lilifanyika hapa Kampala jaribio ambalo lastahili kujulikana katika kila kambi na kila kituo cha polisi. Watafiti wa Uganda wakishirikiana na wenzao wa Marekani walikusanya watu 307: askari polisi, madereva wa teksi, na viongozi wa halmashauri za mitaa. Hawakuchagua wauguzi wala wanafunzi wa udaktari. Walichagua watu wale wale ambao kwa kawaida huwa wa kwanza kufika penye ajali, wakawafundisha huduma ya majeruhi kwa muda wa siku moja tu.

Kabla ya masomo wanafunzi hao walipewa mtihani. Wastani wa majibu yao ya haki ulikuwa 45 katika 100. Jioni, baada ya masomo, ulipanda ukawa 86 katika 100. Hilo ni jambo la kufurahisha, lakini kila mwalimu ajua ya kuwa mtihani wa jioni ile ile hauthibitishi mengi. Jambo kubwa lilionekana miezi sita baadaye, wanafunzi walipotafutwa tena na kuulizwa habari za kazi zao. Kati ya waliopatikana, 97 katika kila 100 walisema wamekwisha kutumia walau jambo moja walilofundishwa: hasa kuzuia damu, kumlaza mgonjwa kwa ubavu, na kumwinua na kumhamisha kwa uangalifu. Habari za jaribio hilo zilichapishwa mwaka 2009.

Tuitazame vizuri hesabu hiyo. Maana yake si kwamba wanafunzi wale walikuwa hodari kupita watu wengine. Maana yake ni kwamba katika mji wa Kampala, mtu afanyaye kazi barabarani hawezi kukaa miezi sita asikutane na mwenzake aliyeumia. Anayedhani kwamba elimu hii itamfaa siku moja ya mbali, na ajue kwamba siku hiyo yaweza kuwa wiki ijayo.

SI JAMBO GENI KWETU

Wapo watakaosema kwamba kazi ya tiba si ya askari, na kwamba haya ni mambo mapya yaliyoletwa na wageni. Historia ya nchi yetu yawajibu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipopigana na Wajerumani katika Afrika Mashariki, wapagazi na askari walikufa kwa maelfu, na magonjwa, kama vile kuhara damu, yaliwaua wengi kuliko risasi. Waganga hawakutosha hata kidogo. Mwaka 1917 ndipo kilipoundwa hapa Uganda kikosi cha utabibu cha Waafrika, chini ya daktari wa jeshi aitwaye Kapteni Keane. Vijana waliosoma katika shule za misheni za Buganda, kama ile ya Budo, waliandikishwa, wakafundishwa kufunga vidonda na kuuguza, kisha wakapelekwa vitani.

Vijana hao hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wenye elimu ya kadiri, nidhamu, na mafunzo mafupi ya kazi maalumu. Hata hivyo walionyesha kwamba mtu wa nchi hii aweza kukabidhiwa maisha ya mwenzake. Afisa mmoja wa kikosi hicho, Bwana Tomblings, ambaye pamoja na Keane alitunga kitabu juu ya kazi zao kilichotolewa mwaka 1920, baadaye alikuja kuwa mkuu wa Makerere, chuo ambacho miaka michache baada ya vita kilianza kufundisha elimu ya tiba. Kwa hiyo askari wa leo anayejifunza kufunga jeraha hafuati njia ya kigeni. Anarudi katika njia iliyopitwa na babu zake.

WANAFUNDISHWA NINI?

Sasa tuingie darasani. Jambo la kwanza afundishwalo mwanafunzi ni kutulia na kutazama. Je, mahali hapa ni salama? Askari akigongwa na lori wakati anapomwinamia majeruhi, basi majeruhi wamekuwa wawili. Lazima magari yasimamishwe kwanza, na watu wasogezwe nyuma. Penye bomu, yapasa kukumbuka kwamba huenda lipo la pili. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, milipuko miwili ilitokea katika uwanja wa raga wa Kyadondo, mbali na ule wa Kabalagala. Watu zaidi ya 70 walikufa usiku ule.

Aidha, mhudumu hujikinga mikono yake. Glavu ndizo bora. Zikikosekana, mfuko safi wa plastiki, ule uitwao kavera hapa kwetu, wafaa kuliko mkono mtupu. Damu ya mtu yaweza kubeba maradhi. Mwezi Januari mwaka 2025 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa hapa hapa Kampala, na mtu wa kwanza kujulikana kuwa amekufa alikuwa muuguzi wa Mulago. Ushujaa usiokuwa na kinga ni hasara kwa taifa.

Baada ya hayo huja hatua tano, ambazo mwanafunzi huzikariri kama askari akaririvyo namna ya kufungua na kufunga bunduki yake gizani. Zina mpangilio wake, nao haupinduliwi, kwa sababu umepangwa kufuata lile linaloua upesi zaidi.

Hatua ya kwanza ni njia ya hewa. Mtu asiyepata hewa hufa katika dakika chache, hata kama mwilini hana kidonda. Mwanafunzi hujifunza kutazama kinywani, kuondoa kinachoziba kama kinaonekana, na kufungua koo kwa kuinua kidevu. Lakini kama shingo yaweza kuwa imeumia, hakipindui kichwa. Husukuma taya mbele kwa vidole, huku mwenzake akishikilia kichwa kisitikisike.

Hatua ya pili ni pumzi. Je, kifua kinapanda na kushuka sawasawa pande zote mbili? Kama pana tundu kifuani linalovuta hewa, hufunikwa kwa kipande cha plastiki kilichobandikwa pande tatu. Upande wa nne huachwa wazi, ili hewa iliyonaswa ipate kutoka.

Hatua ya tatu ni damu. Mtu mzima ana damu kiasi cha lita tano. Akipoteza lita mbili, yu mlangoni mwa kaburi. Dawa ya kwanza ni kukandamiza: kitambaa safi juu ya jeraha, kisha viganja viwili kwa nguvu zote, bila kuachia na kuchungulia kila mara. Kisu au chuma kilichozama mwilini hakichomolewi, kwani huenda ndicho kinachoziba mshipa. Majeruhi akiwa na weupe wa midomo, jasho baridi na mapigo ya moyo ya mbio, yafaa kumdhania kuwa anavuja damu ndani hata kama nje haionekani.

Hatua ya nne ni fahamu. Je, yu macho? Anaitika akiitwa? Anashtuka akifinywa tu? Au haitiki kabisa? Maneno hayo manne, yakiandikwa pamoja na saa, humfaa daktari kuliko hadithi ndefu. Hatua ya tano ni kuufunua mwili na kuukagua mbele na nyuma, maana jeraha la mgongoni halijitangazi. Kisha kumfunika majeruhi upesi, kwa kuwa baridi huzidisha kutoka kwa damu.

Wanajeshi wamebadili mpangilio huo kidogo, na wana sababu. Vitani, mkono au mguu uliokatwa na mlipuko humaliza damu ya mtu kabla ya jambo jingine lolote. Kwa hiyo askari hufundishwa kuanza na damu inayobubujika, ndipo arudi kwenye hewa. Hapo hutumika mkanda wa kubana: hufungwa juu ya jeraha, si juu ya kiungo cha goti wala kiwiko, hukazwa mpaka damu ikome kabisa, na saa ya kufungwa huandikwa. Haulegezwi njiani. Asiyekuwa na mkanda hutumia kitambaa kipana na kijiti cha kukazia. Waya na kamba nyembamba hukata nyama. Katika hospitali ya jeshi la Marekani mjini Baghdad, mwaka 2006, madaktari waliona kwamba waliofungwa mkanda mapema, kabla mwili haujazimia kwa kupungukiwa na damu, walipona kiasi cha 90 katika 100. Waliofungwa baada ya hapo walipona 10 tu katika 100. Mkanda ulikuwa ule ule. Tofauti ilikuwa ni dakika. Askari wetu, ambao waliingia Mogadishu mwezi Machi mwaka 2007 wakiwa wa kwanza katika jeshi la Umoja wa Afrika, hawahitaji kuelezwa na mtu thamani ya dakika hizo. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Na damu ni vivyo hivyo.

Mwisho hufundishwa kuinua na kuhamisha. Aliyezimia lakini anapumua, na ambaye hadhaniwi kuumia uti wa mgongo, hulazwa kwa ubavu ili matapishi yatoke. Anayedhaniwa kuumia uti hugeuzwa kama gogo, mwili wote kwa pamoja, kwa amri ya mtu mmoja aliyeshika kichwa. Mlango uliong'olewa au ubao mpana wafaa kuwa machela. Mfupa uliovunjika hufungwa kwa magango, yaani vipande vya mbao, yakipita kiungo cha juu na cha chini ya mahali palipovunjika. Yote hayo huchukua dakika chache tu. Haraka haraka haina baraka; lakini utaratibu uliozoewa ndio haraka ya kweli.

NGAZI YA ELIMU HII

Yatupasa kusema kweli: mtu aliyesoma siku moja si mhudumu kamili wa tiba ya dharura. Ni mlinzi wa uhai mpaka mwenye ujuzi afike. Juu yake iko ngazi ndefu, na askari kijana mwenye akili yafaa aijue.

Chama cha Msalaba Mwekundu cha Uganda hufundisha huduma ya kwanza kwa mwananchi yeyote. Kwa wauguzi na waganga yapo mafunzo ya Shirika la Afya Duniani juu ya huduma ya msingi ya dharura, yaliyotungwa pamoja na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa na kutolewa mwaka 2018. Kabla ya kutolewa yalijaribiwa katika nchi tatu, na Uganda ilikuwa mojawapo, pamoja na Tanzania na Zambia. Katika siku chache mwanafunzi hupitia zile hatua tano, kisha husoma habari za majeraha, shida ya kupumua, kupungua kwa mzunguko wa damu, na kupotewa na fahamu, huku akijizoeza kwa mikono yake mwenyewe.

Huko Nyakibale, wilayani Rukungiri, wauguzi walianza kufundishwa kwa muda mrefu zaidi, kuanzia mwaka 2009, hata wakaweza kuendesha wenyewe chumba cha dharura cha hospitali. Waganga wasaidizi, ambao siku hizi huitwa maafisa wa tiba, husoma miaka mitatu na kupata stashahada; njia hiyo humtaka mwanafunzi awe amefaulu masomo ya sayansi shuleni. Na juu kabisa, vyuo vikuu vya Mbarara na Makerere vimeanza kusomesha madaktari bingwa wa tiba ya dharura. Wizara ya Afya nayo ilitoa mwaka 2021 sera ya taifa juu ya huduma hizi. Lakini sera haiwezi kushuka barabarani usiku. Mpaka magari ya wagonjwa na wahudumu wake watosheleze nchi nzima, gari la doria litaendelea kuwa gari la wagonjwa, tupende tusipende.

MAJERUHI NI MAJERUHI

Liko jambo moja zaidi, nalo ni gumu. Itakuwaje ikiwa anayetoka damu ni mtuhumiwa? Itakuwaje ikiwa ni mwizi aliyepigwa na watu, au adui aliyekufyatulia risasi dakika moja iliyopita?

Hapa ndipo mafunzo yanapopambanua askari na mtu mwenye silaha tu. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, ambayo Uganda ilijiunga nayo mwaka 1964, yaamuru majeruhi wa vita wahudumiwe bila kuulizwa walikuwa upande gani. Kanuni za maadili ya polisi zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1979 zamwagiza askari kulinda afya ya mtu aliye mikononi mwake na kumpatia tiba upesi inapohitajika. Mwanafunzi wa huduma ya dharura hufundishwa kuuliza mambo machache: una maumivu wapi, unatumia dawa gani, una ugonjwa gani wa zamani, kuna dawa inayokudhuru, ulikula lini, ilikuwaje. Katika maswali hayo hamna kabila, dini, wala chama. Hamna hata swali la hatia.

Wala hili si suala la huruma peke yake. Mtuhumiwa aliyekufa hawezi kutoa ushahidi, wala hawezi kuhukumiwa na mahakama. Na mji mzima huona. Mwananchi aliyemwona askari amepiga magoti barabarani akiziba jeraha la mtu asiyemjua, kesho atampa askari huyo habari za wahalifu bila kulazimishwa. Aliyemwona amesimama akitazama tu mpaka mtu akakata roho, hatasahau hilo naye.

YAFANYWE NINI?

Tungependa kuwashauri wakuu wa vikosi na wa vituo mambo matatu ambayo hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kila gari la doria liwe na mfuko wa huduma: glavu, bendeji, shashi, mkanda wa kubana damu, plastiki safi, mkasi, blanketi na kalamu. Pili, mazoezi ya majeruhi yarudiwe mara kwa mara pamoja na gwaride, kwa sababu mikono husahau. Askari asiyepiga shabaha mwaka mzima hukosa, na asiyefunga jeraha mwaka mzima hukosa vile vile. Tatu, kila kikosi kichague vijana wawili au watatu wenye moyo wa kazi hii, kiwapeleke kwenye mafunzo ya juu, na wakirudi wawe walimu wa wenzao.

Na wewe, ndugu askari usomaye ukurasa huu kambini Bombo, au Mbuya, au katika nyumba za polisi za Nsambya, usingoje amri. Mwombe muuguzi wa kikosi akuonyeshe leo namna ya kugeuza mtu kwa ubavu. Jizoeze kwa mwenzako kabla ya chakula cha jioni. Hilo halichukui hata robo saa. Siku moja utashuka kwenye gari, watu watakugeukia, na chini patakuwa na mtu ambaye mkewe hajui bado kwamba ameumia. Siku hiyo usiwe na la kumpa ila mwendo wa gari tu.